Jina la Namba Saba

Sehemu ya Sita

Wasomaji, wiki hii mmenichosha kwa ujumbe. "Mama gani hamtaji mwanawe?" "Huyu ana roho ya jiwe." Msomaji mmoja wa Vwawa ameniandikia kwamba Gwalugano angekuwa dada yake angemchapa vibao viwili vya harakaharaka. Tulieni kwanza. Mngezaliwa Itumba, mkafundwa Itumba na kuolewa hukohuko, leo msingekuwa na midomo mirefu hivyo.

Kwa aliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, mambo yako hivi. Gwalugano ni mjane, Mndali wa Itumba kule Ileje, anaishi Chapwa hapa Tunduma. Ndiye yule mwanamke aliyekuwa akitangaza mechi za kata kwa kipaza sauti, sauti yake inafika hadi kwenye foleni ya malori. Katika ukoo alioolewa, mke hatamki jina la baba mkwe. Hatamki mbele yake wala nyuma yake. Na mumewe, marehemu Jairo, alimpa mtoto wao wa pekee jina la babu yake: Andongwisye.

Mimi nalitaja bila wasiwasi kwa sababu mzee yule si mkwe wangu. Gwalugano hawezi. Nyumbani alimwita mwanawe Tata, yaani baba, na mtoto aliitikia hivyo tangu anatambaa. Alipokua akawa mshambuliaji wa Chapwa, na mama yake akawa ameshika kipaza sauti, jina lake likawa "namba saba".

Kisha ikaja ile fainali. Watu walirundikana golini, vumbi likatimka, kijana wake akaingiza mpira. Gwalugano akapiga kelele, "Namba saba! Namba saba kafunga!" Akasahau kwamba vijana wa Stendi nao walikuwa na namba saba wao, na kwenye rundo lile alikuwemo. Kocha aliyekuja kutafuta vipaji hakuona vizuri, akategemea kipaza sauti, akamwuliza mtu wa pembeni yake, na mtu wa pembeni alikuwa wa Stendi. Mnajua nani aliondoka na kocha.

Jioni ileile kulikuwa na tamasha uwanjani hapohapo. Msanii, akidhani anafanya jambo zuri, akampandisha Gwalugano jukwaani amtaje mfungaji kwa jina lake, watu wote wasikie, kosa lifutike. Kijana alisimama chini ya jukwaa, uso umeangalia juu. Kwenye viti vya mbele, kofia magotini, alikaa baba mkwe.

Gwalugano akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Uwanja ukamzomea, kijana akageuka akaondoka, na mpaka leo hajarudi nyumbani.

Sasa tuendelee.

* * *

Kosta kutoka Itumba ilimshusha Gwalugano kituo cha Mpemba, ukingoni mwa Tunduma. Alikuwa amejifunga khanga nyeusi kiunoni, na koo lilikuwa limekwaruzika kwa kulia. Aliingia kwenye mgahawa wa Ketrina, akakaa kona ya nyuma na kuonyesha birika kwa kidole. Ketrina akamletea chai, akaiangalia ile khanga nyeusi, akasema "Pole, dada," asiulize zaidi.

Runinga ilikuwa inaonyesha mechi ya ligi. Wanaume wamejaa mlangoni kwenye mabenchi, na meza ya mbele yake walikaa wawili wanaobishana tangu kabla hajaingia. Mmoja ni Rabson, dereva wa bodaboda, jezi ya Yanga imepauka mgongoni. Mwingine ni Anania, fundi simu, Simba wa kufa na kuzikwa.

"Ketrina, mzime sauti huyu mtu!" Rabson alifoka. "Huyu si mtangazaji, huyu ni mwanachama mwenye kadi."

"Akiwasifia ninyi anaitwa mchambuzi," Anania akasema. "Akitusifia sisi, mwanachama."

"Wewe huna masikio. Msikilize majina. Sisi tukiwa na mpira anasema 'wanapiga pasi, wanapiga pasi'. Nani anapiga? Hatujui! Mchezaji wenu akigusa tu, anatajwa mpaka jina la ubatizo."

"Na la bibi yake," Ketrina akadakia, huku anazima sauti.

"Eeh! Upendeleo si kusifia, mjomba. Mtu anaweza akasifia na bado akawa na haki. Upendeleo ni kutaja. Nitajie nani humtaji, nitakuambia nani humpendi."

Gwalugano aliweka kikombe chini. Chai ilikuwa bado ya moto na ilimmwagikia vidoleni, lakini hakuusikia huo moto.

"Hapo umenena," Anania akacheka. "Lakini basi msiwaseme wa Dar es Salaam tu. Na yule mama yenu wa Chapwa je? 'Namba sabaaa! Namba sabaaa kafunga!'"

Aliiga vizuri, mpaka ile kuvuta maneno ya watu wa milimani. Meza nzima ikacheka. Ketrina naye alicheka akiwa ameshika jagi.

Gwalugano alivuta khanga ya begani mpaka mdomoni. Tunduma nzima iliijua sauti yake na wachache mno waliijua sura. Uwanjani alikuwa akikaa kwenye kibanda cha mabati na kipaza sauti chake, na pale jukwaani taa zilikuwa zinawaka na kuzimika. Akinyamaza, hakuna atakayemjua. Akifungua mdomo, basi.

Naye alikuwa amekuja Tunduma kufungua mdomo. Alikuwa amekuja kumtafuta mwanawe, na muda wa kumtafuta ulikuwa umebaki leo tu.

"Ila lile tamasha," Anania alisema, macho yakalainika. "Mimi sijaona tena kitu kama kile. Jenereta inazimika, spika zote kimya, yule msanii hakushuka. Akaimba kwa mdomo mtupu. Uwanja mzima ukamwitikia, Wazambia wamevuka na watoto mgongoni wanaimba Kiswahili cha kubabaisha. Mke wangu alilia. Mimi mwenyewe nilijifanya vumbi limeniingia machoni."

"Mimi namkumbuka yule mama tu," Rabson akasema. "Amevaa sare ya kwaya. Anapewa maiki, anaambiwa mtaje kijana, anatoa macho. Nilizomea mpaka koo likakauka."

"Mimi nilirusha chupa," Anania akasema. "Ya maji. Tupu lakini."

"Si walisema vijana wa Stendi walimhonga kitenge?"

"Vitenge. Doti nzima."

"Uongo huo," Ketrina akaingilia. "Ila nisaidieni. Yule kijana si nasikia ni mwanawe?"

"Wa kumzaa!"

"Mbona basi mnasema upendeleo?" Ketrina alitikisa kichwa. "Mama akishindwa kumtaja wa tumbo lake mbele ya watu, hiyo ni chuki. Mimi hata wangu anitukane, nitamtaja."

Neno hilo lilimchoma Gwalugano kuliko ile chupa. Aliikumbuka vizuri ile chupa, ilimpiga begani. Alitamani kusimama aseme, "Chuki gani? Nilimnyonyesha mpaka watu wakanicheka. Nikiumwa namwona yeye napona." Lakini aling'ata khanga. Angeanzia wapi kuwaeleza kwamba ulimi wa mtu unaweza kufungwa na heshima mpaka usifunguke tena?

Tangu kijana aondoke alimtafuta Tunduma yote, na hata kumtafuta kulimshinda kwa sababu hiyohiyo. Alifika kila mahali anauliza, "Hamjamwona kijana mrefu, mweusi, anacheza mpira?" Wakimwuliza jina, anasema, "Namba saba." Wengine walidhani ni mgonjwa wa akili. Kanisani walitaka kumtangaza kijana, akawaambia waulize jina kwa majirani.

"Mimi nawaambia kitu," Rabson akasema, na sauti yake ikashuka. "Sijawahi kukisema. Yule dogo ile jioni nilimbeba mimi."

Gwalugano alikishika tena kikombe, kwa mikono miwili.

"Wewe?"

"Nilitoka nje kutafuta abiria kabla watu hawajamwagika. Namwona anakuja peke yake, jezi ameiviringisha mkononi. Akasema nipeleke mpakani. Njia nzima kimya. Tumefika karibu na kizuizi, ananiuliza, 'Kaka, na wewe ulikuwa unazomea?' Nikajua nampoza, nikamwambia ndiyo dogo, nimemzomea yule mama vibaya sana, amekuonea. Akashuka. Akasema, 'Usimzomee tena mama yangu.' Akaenda."

Anania alitazama mikono yake.

"Na hujamwona tena?"

"Nimemwona juzi. Nilipeleka mzigo Nakonde, ng'ambo kule Zambia, nikapita uwanjani kwao. Anacheza, mwanangu, anacheza! Na yule mtangazaji wa kule hasemi jingine. Lucky, Lucky, Lucky. Lucky amepita, Lucky anapiga. Nikashangaa, Lucky ndio nani? Nikamsubiri mpaka mwisho. Nikamwuliza, 'Dogo, si wewe Andongwisye wa Chapwa? Hili la Lucky umelitoa wapi?'"

"Akasema?"

Rabson alijikuna shingo. "Akasema, 'Nilitafuta jina ambalo hata mama yangu anaweza kulitamka mbele ya watu.'"

Kikombe kilianguka. Watu wa meza ya mbele wakageuka, wakamwona yule mfiwa wa kona amesimama, khanga imemdondoka usoni.

"Namba saba..." alisema. "Namba saba yuko Nakonde?"

Sauti ilikuwa imekwaruzika, lakini ilikuwa ileile. Ile kuvuta, ule mlima ndani yake. Anania aliyeiiga kwa ufundi dakika chache tu zilizopita ndiye aliyeitambua kwanza, akainuka kama amekalia sindano.

"Mama..." akasema. "Ee Mungu wangu. Mama, ni wewe?"

* * *

Mwenye kuwasifu watu awasifu pale walipostahili. Ketrina alivuta kiti akamkalisha. Anania, mwanaume mzima, alichuchumaa mbele yake.

"Nisamehe, mama yangu. Ile chupa."

"Ilikuwa tupu," Gwalugano akamjibu. "Umesema mwenyewe."

Anania akakiokota kile kikombe kilichoanguka.

Gwalugano akawaeleza. Hakuwa na namna tena. Aliwaambia jinsi alivyoingia katika ukoo ule akiwa binti, mama mkwe akamshika mkono na kumwonyesha njia ya kupita ili asikutane na mzee. Jinsi alivyofundishwa kwamba jina lile haliingii kinywani mwa mke. Rabson, ambaye ni Mnyamwanga, aliitikia kwa kichwa. "Hata bibi yangu alikuwa hivyo," akasema. "Mpaka anakufa, alimwita baba mkwe wake 'yule' tu."

Jairo alipofariki, mzee akabaki mikononi mwa Gwalugano, nyumba mbili uani, na kati yao akawa kijana. Yeye ndiye aliyepeleka chakula kwa babu na kurudisha vyombo. Yeye ndiye aliyebeba salamu. "Babu anasema asante." "Mama anauliza umelalaje." Alipoondoka baada ya tamasha, daraja likavunjika. Gwalugano akawa anaweka sahani mlangoni, anakohoa, anaondoka.

Mzee akaugua. Wakampeleka kwao Itumba. Mwisho mkono wake ukashindwa kushika kijiko, na watoto wa ukoo wako mbali, na mwenye kumlisha akawa hakuna. Gwalugano akajifunika uso kwa khanga, akaingia.

"Akaniambia, 'Funua uso, mwanangu. Mtu anayenilisha si mkwe tena, ni binti yangu.' Nikafunua. Akaniambia, 'Nimekufungulia. Nitaje.'" Gwalugano alijifuta pua kwa upande wa mkono. "Nilijaribu. Nawaapia nilijaribu. Ulimi ukawa mzito. Nikamwambia, kesho, baba. Akacheka kidogo. Akasema, 'Basi mpe yule wa mbali. Siku utakayompata, neno la kwanza liwe hilo, kabla hata ya salamu. Ukimwita yeye, umeniita na mimi.'"

"Na kesho yake?" Ketrina akauliza, ingawa khanga nyeusi ilikuwa mbele yake.

"Kesho yake hakuamka."

Nje kosta nyingine ilikuwa inaita abiria wa Isongole. Ndani hata wanaotazama mpira mlangoni walikuwa wameanza kugeuza shingo.

"Wazee wamesema aliyebeba jina ndiye atupe udongo wa kwanza," Gwalugano akaendelea. "Kesho mchana tunazika. Wamesema hawatasubiri zaidi, mwili hausubiri. Asipokuja, mzee atafukiwa na wageni, na mwanangu hatarudi tena kwenye ukoo ule. Watasema alimkataa babu yake. Kumbe ni mimi niliyemfukuza, kwa mdomo huu."

Rabson alikuwa ameshatoa simu, lakini hakupiga. Aliishika tu.

"Nina namba yake," akasema. "Ila aliniapisha. Alisema mtu yeyote wa Chapwa asiipate."

"Rabson!" Ketrina alimkemea.

"Niliapa, Ketrina. Kwa Mungu."

"Sitaki namba," Gwalugano akasema. "Piga wewe. Shika simu wewe. Mimi niache niseme neno moja tu. Akishalisikia, kama hanitaki, ukate."

Rabson akamtazama Anania, Anania akamtazama Ketrina. Kisha Rabson akapiga kwa WhatsApp, akaiweka simu mezani kati ya vikombe, spika wazi.

Iliita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Mtandao wa mpakani mnaujua wenyewe, huku unavutwa na Tanzania, kule unavutwa na Zambia, na katikati mtu unabaki unasema haloo peke yako.

Mara ya tatu ikapokewa.

"Kaka Rabson?"

Nyuma yake kulikuwa na filimbi na kelele za vijana. Walikuwa wanapasha misuli. Gwalugano aliisikia ile sauti, imekuwa nzito kidogo, ya mwanaume, na mikono yake yote miwili ikaenda mdomoni. Rabson akamwonyesha simu kwa macho: sema.

"Kaka, unanisikia? Nina mechi."

Gwalugano aliinama mpaka paji la uso likakaribia meza. Ketrina alimshika bega.

"Andongwisye," akasema.

Mbingu haikuanguka. Paa la mgahawa halikung'oka. Ndilo neno alilolikimbia tangu siku ya kuolewa kwake, na lilipotoka lilikuwa fupi tu, la kawaida, kama jina la mtoto wa jirani. Machozi yalimtoka kwa kasi mpaka akashindwa kuiona simu.

Upande wa pili filimbi ziliendelea.

"Nani huyo?" akauliza polepole. Kisha, "Mama?"

Alikuwa na mengi ya kusema. Alikuwa ameyapanga kwenye kosta kutoka Itumba hadi Mpemba, neno kwa neno: nisamehe, nilikosa, sikukuchukia. Yote yalimkimbia. Lilibaki moja, kubwa kuliko yote, limekaa mbele linaziba njia.

"Amefariki," akasema. "Babu..."

Na hapohapo, wasomaji wangu, neno babu halijamtoka vizuri, Yanga wakafunga.

Sijui kwa nini mambo huwa hivyo. Mabenchi ya mlangoni yalilipuka. Mtu alipiga bati kwa ngumi, mwingine akapuliza vuvuzela, mwingine akamrukia Rabson mgongoni kwa ajili ya jezi yake bila kujua kinachoendelea. Gwalugano alipiga kelele, "Babu yako! Babu yako!" Sauti iliyokuwa ikiushinda uwanja mzima wa Chapwa, siku ile, kwa koo lililolia usiku na mchana, haikuweza kuushinda mgahawa mmoja wa Mpemba.

"Nyamazeni!" Ketrina akapiga sufuria kwa mwiko. "Nyamazeni, mna laana!"

Kelele zilipopungua, simu bado ilikuwa hai. Ilikuwa inakwaruza.

"Mama," kijana alisema. Sauti yake ilikuwa ya ajabu, imenyooka, haina kitu ndani yake. "Umesema Andongwisye amefariki?"

Gwalugano alishusha pumzi. Amesikia, alijiambia. Ashukuriwe Mungu, amesikia. Na jina limetoka kinywani mwa mtoto mwenyewe, wala hakuna haja ya kulirudia.

"Ndiyo!" akasema, analia na kuitikia kwa kichwa. "Ndiyo, amefariki! Kesho mchana tunamzika!"

Ketrina alianza kukunja uso, kuna jambo lilikuwa halijamkaa vizuri, lakini hakulipata haraka.

"Sawa, mama," kijana akasema. "Mzikeni. Mimi mwenyewe nilishamzika siku ile ya tamasha."

Simu ikakatika.

Gwalugano aliitazama ile simu imekuwa nyeusi. "Amesema nini?" akauliza. "Alishamzika babu yake? Babu alikuwa mzima siku ile. Alikuwa amekaa mbele pale, na kofia yake. Anasema nini huyu mtoto?"

Rabson alikuwa anapiga tena, anapiga tena. Ketrina alichuchumaa pale alipochuchumaa Anania, akamshika Gwalugano magoti.

"Dada," akasema. "Hajasikia neno babu. Lilimezwa na goli."

"Amesikia jina. Amelitaja mwenyewe."

"Amesikia jina lake, dada. Si la mzee. Hujamwita kwa jina hilo tangu umzae. Leo unampigia, unalitaja mara ya kwanza, halafu unamwambia amefariki, kesho mnazika."

Gwalugano alimtazama Ketrina. Sisi tulioisikia habari hii kwa waliokuwepo tunaambiwa kwamba hakulia tena. Uso wake ulikauka. Alifanana na mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua naye yuko sokoni.

"Hapokei," Rabson akasema. "Amezima kabisa."

"Mwandikie ujumbe!" Anania akamwambia.

"Nimeandika. Haufiki. Tiki moja." Alichukua kofia yake ya pikipiki kutoka chini ya meza. "Mechi yao inaanza. Tukiwahi mpakani na foleni ikawa si mbaya, tutamkuta uwanjani. Panda, mama. Twende. Utamwambia uso kwa uso."

Alitoka mbio, na mlio wa pikipiki ukasikika nje. Gwalugano aliinuka, akafunga khanga vizuri, na kabla hajafika mlangoni simu yake mwenyewe, ile ndogo ya vitufe iliyokuwa kifuani, ikaanza kuita.

Wote waliruka. Anania alisema, "Ni yeye! Pokea, mama, ni yeye!"

Hakuwa yeye. Alikuwa Lusubilo, shemeji yake, anapiga kutoka msibani Itumba. Nyuma yake walisikika wanawake wakiimba.

"Shemeji, pole na safari. Wazee wamenituma, wako hapa wananisikiliza. Wanauliza, Andongwisye umempata?"

Gwalugano alisimama kizingitini. Nje Rabson alikuwa anapiga honi.

"Nimempata, shemeji," akasema. "Nimempata, nikamzika."